Mkimbiaji Achague Chuo Gani?

Wahenga walisema: Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Aghalabu methali hii huambiwa kijana aliyezama katika starehe, lakini leo nataka kuitumia kwa maana yake ya dhahiri, yaani mbio za miguu. Kila mwenye kukimbia, hata awe hodari namna gani, ana ukingo wake. Mmoja huufikia akiwa na umri wa miaka 35, baada ya kuvuna medali. Mwingine huufikia akiwa na miaka 20 tu, siku mfupa wa muundi unapoingia ufa. Basi kijana aliyejaaliwa miguu myepesi na akili njema, akaitwa na vyuo vikuu vya ng'ambo akasome bila ya kulipa kwa sababu ya mbio zake, achague chuo gani?

Huenda ukasema: "Hili lanihusu nini mimi, na mwanangu hakimbii?" Nakuomba usiufunge ukurasa. Kwanza, katika mikoa yetu ya Singida, Manyara na Arusha, na kwa jirani zetu wa Nandi, Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, barua za namna hii hubisha hodi hata katika nyumba za udongo. Pili, hapana mzazi ambaye mwanawe hataletewa, siku moja, jambo jema lenye masharti ndani yake. Kulipima jambo la namna hiyo kabla ya kulipokea ni elimu inayotufaa sote.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Jiografia katika shule za sekondari za mkoa wa Singida kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila shule niliyopelekwa nilikabidhiwa pia michezo. Sikuwa bingwa wa mbio hata siku moja. Lakini nimesimama pembeni ya viwanja vya vumbi, saa mkononi, mara nyingi kiasi cha kuwajua wakimbiaji wanavyoinuka na wanavyoanguka. Na mwaka 2022 jambo hili liliingia katika ukoo wangu, kwa binti wa dada yangu. Kisa chake nitakieleza, lakini kwanza tuitazame njia yenyewe na wale waliotutangulia kuipita.

Waliotangulia

Vijana wa Afrika Mashariki walianza kuifuata njia hii kwa wingi katika miaka ya 1970, na mwisho wake ulikuwa vyuo vikuu vya Marekani. Katika nchi hiyo mashindano ya vyuo ni jambo kubwa. Chuo huweza kumlipia kijana ada, malazi, chakula na vitabu, naye akavaa jezi ya chuo na kukishindania.

Mike Boit wa Kenya, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alisoma Eastern New Mexico University, chuo ambacho wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake. Hakuishia hapo. Aliendelea na masomo hata akapata shahada ya udaktari katika University of Oregon, kisha akarudi kwao akafundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Suleiman Nyambui wa kwetu Tanzania alisoma University of Texas at El Paso. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow, na mwaka huohuo akashinda mbio za nyika za vyuo vikuu vyote vya Marekani. Baadaye alishinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988, na akarudi kulitumikia taifa katika uongozi wa riadha.

Henry Rono wa Kenya, aliyekuwa Washington State University, alifanya jambo ambalo hata leo huwezi kulisimulia bila kustaajabu. Kati ya Aprili na Juni 1978, kwa muda wa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Lakini Olimpiki hakuiona, kwani nchi yake ilisusia ile ya 1976 na ile ya 1980. Ulevi ukamwingia, fedha zikamponyoka, na mtu ambaye dunia nzima ilimpigia makofi akawa anafanya kazi za kibarua katika nchi ya watu. Aliyaeleza hayo yeye mwenyewe, bila kuficha, katika kitabu cha maisha yake. Alifariki Februari 2024.

Na wa karibu zaidi ni Sally Kipyego, binti wa Kenya. Alianzia chuo kidogo cha South Plains, Texas, kisha akaenda Texas Tech University. Huko alishinda mataji tisa ya vyuo, na katika miaka hiyohiyo ya kukimbia alisomea uuguzi akapata shahada yake. Medali yake ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 ilimkuta tayari ni mtu mwenye kazi mkononi.

Sikuwataja hawa ili tumsifu mmoja na kumlaumu mwingine, kwani aliyeko nje ya maji hajui baridi ya anayeogelea. Nimewataja ili tuone kwamba wote wanne walikuwa na miguu ya ajabu, na wote walifika Marekani kwa miguu hiyo. Miguu ilipochoka ndipo tofauti ilipojitokeza.

Chuo kinatafuta nini?

Ni vema kijana ajue anayemwita anamwitia nini. Mwaka wa mkimbiaji wa mbio ndefu katika vyuo hivyo una misimu mitatu. Kuanzia Septemba hadi Novemba ni mbio za nyika, wakati wa baridi hadi Machi ni mbio za ndani ya jumba, na kuanzia Machi hadi Juni ni mbio za uwanjani. Mkimbiaji wa mita mia hupumzika msimu wa nyika. Wa mbio ndefu hutakiwa katika yote mitatu.

Katika mbio za nyika timu huleta watu saba, na nafasi za watano wa mwanzo hujumlishwa, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Uwanjani, katika mashindano makubwa, wa kwanza huiletea timu pointi kumi, wa pili nane, wa tatu sita, hata wa nane pointi moja. Basi fikiri wewe, ndugu msomaji: kocha mwenye msichana mmoja awezaye kukimbia mita 10,000 siku ya kwanza, na mita 5,000 siku ya tatu, atashawishika kiasi gani kumtumia kote kuwili? Pointi zile ndizo zinazomlinda kocha katika kazi yake. Si lazima awe mtu mbaya. Ana familia kama wewe na mimi. Lakini haja yake na haja ya binti yako si kitu kimoja, na mwenye busara huzitazama haja zote mbili kabla ya kutia saini.

Barua mbili

Binti wa dada yangu alimaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Tangu kidato cha pili alikuwa akikimbia. Katika mashindano ya mwisho alimaliza mita 5,000 kwa dakika 16 na sekunde 20. Baba yake alikwisha kufariki, na mama yake huuza nafaka sokoni. Na jambo moja alilisema tangu utoto bila kuligeuza: anataka kuwa muuguzi, kwani aliuguza baba yake hadi mwisho na aliyaona kwa macho yake yaliyopungua wodini.

Zilimjia barua mbili. Ya kwanza ilitoka chuo chenye sifa kubwa, ambacho timu yake huonekana katika fainali za taifa karibu kila mwaka. Kilimwahidi kila kitu: ada, chumba, chakula na vitabu. Kocha wake alikuwa akipiga simu mara kwa mara, akimwita "bingwa wangu". Barua ya pili ilitoka chuo kidogo, kilichoko katika nchi ya juu kama ilivyo Singida yetu. Hiki kilimpa ada yote na chumba, lakini chakula na bima ya afya vilibaki juu yake, jumla dola 4,000 na ushei kwa mwaka. Kwa mwuza nafaka, ndugu msomaji, hizo si fedha za kutamkwa.

Jioni moja dada yangu alikuja kwangu na zile barua zimekunjwa ndani ya mtandio. Akaniambia, "Kaka, hapa pana swali gani? Mmoja anatoa chote, mwingine anatoa nusu. Mwambie mtoto akubali." Na mtoto mwenyewe alikuwa ameketi kimya, akasema, "Shikamoo mjomba," kisha akainamisha kichwa.

Sikumjibu dada yangu papo hapo. Nilimwomba binti azisome barua zote mbili kwa sauti, neno kwa neno, na kila linapotokea jambo lisilosemwa aandike swali. Usiku ule tulipata maswali matano. Nayaweka hapa kwa ajili ya kila mzazi na kila kijana.

Maswali matano

La kwanza: Je, nitasoma kile nilichokusudia? Uuguzi una mafunzo ya wodini, na wodi huanza kazi alfajiri, saa zilezile ambazo timu nyingi hufanya mazoezi. Tena katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi haingii uuguzi moja kwa moja. Husoma masomo ya msingi kwanza, kisha huomba nafasi, na si kila aombaye hupewa. Na ipo sheria ya mashindano ya vyuo vya daraja la kwanza isemayo kwamba mwanafunzi awe ametimiza asilimia 40 ya shahada yake mwisho wa mwaka wa pili, asilimia 60 mwisho wa wa tatu, na 80 mwisho wa wa nne, la sivyo hashindani. Sheria hii iliwekwa kwa nia njema, ili wanamichezo wasome kweli. Lakini matokeo yake ni kwamba aliyeanza na somo jepesi akitaka kugeuka mwaka wa tatu kwenda kwenye somo zito, hesabu humkatalia. Kwa hiyo mlango wa somo huchaguliwa mapema, pengine kabla ya mlango wa chuo.

La pili: Ufadhili huu ni wa nini, na wa muda gani? "Kila kitu" ni neno zuri, lakini kwa miaka ngapi? Barua nyingi za namna hii ni za mwaka mmoja, nazo hufanywa upya kila mwaka. Je, nikiumia nisiweze kukimbia, mwaka unaofuata utafanywa upya? Vyuo vikubwa kabisa vilijifunga mwaka 2015 kutomnyang'anya mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya mchezo au kuumia, lakini si vyuo vyote vilivyofungwa na ahadi hiyo. Basi iombe kwa maandishi. Uliza pia habari ya bima ya afya, ya tiketi ya ndege, na ya mahali pa kulala miezi ya likizo ndefu, maana mabweni mengine hufungwa. Na usijidanganye kwamba utaziba pengo kwa vibarua vya mjini. Viza ya mwanafunzi humruhusu kazi ya ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hata zile fedha ambazo wanamichezo wa vyuo waliruhusiwa kuzipata tangu Julai 2021 kwa kutumiwa majina na picha zao, mgeni hana budi kuulizia sheria ya viza kabla ya kuzigusa.

La tatu: Waliokuja kabla yangu wako wapi? Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Usiulize timu ina medali ngapi. Uliza: Wasichana walioingia miaka minne iliyopita walikuwa wangapi? Wangapi bado wanakimbia? Wangapi wamepata shahada? Na uombe kuzungumza na mmoja aliyeumia. Mshindi atakusifia chuo chochote, lakini aliyekaa miezi sita bila kukimbia ndiye ajuaye kama watu waliendelea kumjulia hali.

La nne: Mtanikimbiza mara ngapi? Omba uambiwe mkimbiaji wao bora alishindana mara ngapi katika mwaka uliopita, na katika mashindano makubwa alikimbia mbio ngapi kwa siku ngapi. Hesabu hizi hazifichiki, kwa kuwa matokeo ya mashindano huchapishwa. Mwili ni amana. Msichana wa miaka kumi na tisa anayekimbizwa kila wiki bila ya kula vya kutosha mifupa yake hudhoofika, na mfupa ukishapata ufa hauponi kwa maneno matamu.

La tano: Kocha akihama, je? Makocha huhama kama walimu wahamavyo, tena wao huhama kwa kufuata mshahara. Tangu 2021 wanafunzi nao walilegezewa sheria za kuhama chuo kimoja kwenda kingine wakaendelea kushindana, na mwaka 2024 zikalegezwa zaidi. Lakini miguu huhama kwa urahisi kuliko masomo. Saa za wodini ulizozitimiza hapa huenda zisihesabiwe kule. Kwa hiyo jiulize: Kama mtu huyu anayenipigia simu asingekuwapo, je, ningekitaka chuo hiki?

Jambo la funga

Kwa kijana wa Kiislamu lipo la kuongeza. Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka wa kizungu. Kati ya 2023 na 2026 iliangukia baina ya Februari na Aprili, wakati mbio za ndani zinapomalizika na za uwanjani zinapoanza. Miaka inayofuata inaingia ndani zaidi ya msimu wa baridi. Basi aulize kabla: Je, mazoezi mazito yaweza kusogezwa karibu na kufuturu? Jiko la bweni litamwekea chakula cha daku? Nyama anayoweza kula inapatikana? Masuala ya msafiri na funga yake ayapeleke kwa wenye elimu. Nilimwambia binti: sema tangu mwanzo, kwa adabu na bila ya woga. Anayekasirika kwa swali la mapema atakasirika zaidi kwa jambo lenyewe litakapofika.

Majibu yalivyokuja

Binti aliandika barua moja, akaipeleka kote kuwili, maswali yale yale kwa maneno yale yale. Huu ndio usawa, kwani mizani haina maana ukibadilisha mawe yake.

Chuo kikubwa kilijibu siku ya pili, kwa mistari michache. Kilisema asiwe na wasiwasi, wataangaliana kama familia. Juu ya uuguzi kocha aliandika kwamba saa zake hugongana na mazoezi, na kwamba wanariadha wake wengi huchagua somo lililo rahisi kidogo, naye angemsaidia kulipata. Juu ya mwaka wa pili na kuendelea, hapakuwa na neno.

Chuo kidogo kilikaa siku tisa bila kujibu, hata dada yangu akaanza kunilaumu kwamba maswali yamewafukuza. Kisha ikaja barua ya kurasa tatu. Kocha, mwanamke wa makamo, alijibu kila swali kwa namba yake. Alikiri kwamba timu yao haijafika fainali ya taifa kwa miaka kadhaa. Alitaja wasichana wangapi waliingia na wangapi walimaliza, na hakuficha kwamba wawili walirudi kwao. Alisema wanafunzi wawili wa timu yake wanasoma uuguzi, na siku za wodi hufanya mazoezi jioni, peke yao. Ufadhili aliuandika kuwa wa miaka minne, ukisimama juu ya masomo na nidhamu, si juu ya saa ya kukimbilia. Tena akaambatanisha maelezo ya msaada mwingine wa chuo kwa wanafunzi wa kigeni wenye matokeo mazuri. Aliuomba akaupata, na deni lile la dola 4,000 likashuka hadi 1,900 kwa mwaka.

Hata hivyo 1,900 si sifuri. Hapo ndipo palipokuwa na uzito, na sitaki kukudanganya kwamba jambo lilijimaliza lenyewe. Ndugu zetu walikutana. Binamu yetu aliyeko Muscat aliahidi sehemu, nami nikatoa katika kiinua mgongo changu. Dada yangu aliuza ng'ombe wawili kati ya watano aliokuwa nao. Mzee mmoja wa ukoo alisema maneno makali: kwamba tunamwacha mtoto aikatae neema ya bure ili tukanunue ya fedha. Hakuwa amekosea kwa hesabu yake. Angekuwa ni mtoto asiye na kusudio lolote isipokuwa kukimbia, huenda mzee yule angekuwa na haki.

Mwishoni nilimgeukia binti mwenyewe, kwani miguu ni yake na maisha ni yake. Alisema, "Mjomba, ile jezi ya chuo kikubwa ninaitamani. Nitaitamani hata nikiwa kule. Lakini wao wameniomba niache ninachokitaka kabla hata sijafika." Hakuongeza neno, na hatukumwongezea.

Aliondoka Agosti 2022. Mwaka wake wa pili, mwezi wa Oktoba, aliingia ufa katika mfupa wa muundi wa kushoto, akakaa miezi minne bila kukimbia. Siku alipotuarifu, mama yake hakulala. Aliamini kwamba kesho yake mtoto atarudishwa. Hakurudishwa. Ahadi ilikuwa imeandikwa, na mwenye kuiandika aliitimiza. Miezi ile binti aliitumia wodini na maktaba. Alipopona alikimbia tena, lakini hadi ninapoandika haya hajapata kwenda chini ya dakika 16, na fainali ya taifa hakuiona isipokuwa katika picha. Chuo kile kikubwa kimekwenda fainali, na ameniambia mwenyewe kwamba huwatazama na moyo humchoma kidogo. Amebakiza muhula mmoja apate shahada ya uuguzi.

Tunachokipata hapa

Ndugu msomaji, sikusema kwamba chuo kikubwa ni kibaya na kidogo ni chema. Vipo vikubwa vinavyowatunza wanafunzi wao vizuri, na vipo vidogo vinavyowala. Wala sikusema kwamba lazima kijana aende Marekani. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu huu, hakulihitaji jina la chuo cha huko ili awe bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025. Yeye ni askari wa jeshi letu. Zaidi ya hayo, milango ya ng'ambo hufunguliwa na kufungwa na wenye nyumba. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilibana viza za nchi kadhaa, za Kiafrika zikiwamo, na sheria za mashindano yenyewe hubadilika. Zamani vyuo vya daraja la kwanza viliwekewa kikomo cha ufadhili 18 kwa timu nzima ya wanawake ya riadha na nyika. Tangu msimu wa 2025 vingi vimewekewa badala yake kikomo cha idadi ya wanamichezo, 17 kwa nyika na 45 kwa uwanjani, na nafasi za wale wa pembeni zimepungua. Basi usiitegemee habari ya mwaka juzi, hata hii niliyoiandika mimi. Uliza upya.

Jihadhari pia na madalali. Wapo wanaokuja vijijini na kudai fungu la ufadhili wa mtoto kama ujira wao. Makubaliano ya namna hiyo huweza kumpotezea kijana haki yake ya kushindana kabla hajapanda ndege.

Kwako kijana mwenye mbio nasema hivi. Utakaposhika barua mkononi, ifikirie siku ambayo hutaweza kukimbia. Itakuja, mapema au mwisho, kwa kila mwenye miguu. Jione umeketi katika chumba cha bweni, mguu umefungwa, nje theluji inaanguka, na timu imesafiri bila wewe. Kisha jiulize: Katika chuo hiki, siku hiyo, mimi nitakuwa nani? Ikiwa jawabu ni "mwanafunzi anayesoma jambo alilolipenda", tia saini na uende, Mungu akuongoze. Ikiwa jawabu ni "si mtu yeyote", basi hata wakikulipia kila kitu, uliza tena.

Na kwako mzazi: usimharakishe mtoto kwa sababu ya neno "bure". Mpe kalamu, mpe karatasi, mwache aulize. Majibu ya watu yatakuonyesha nia zao kuliko ahadi zao, na aliyekuja na kheri hatachukia kuulizwa.